Virusi Vilivyojificha Kabla ya Saa Thelathini: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto wa Mississippi

Machi 2013, katika mkutano wa watafiti wa VVU uliofanyika Atlanta, Marekani, madaktari walieleza habari za mtoto wa miaka miwili na ushee aliyezaliwa na VVU, akapewa dawa mapema sana, dawa zikakatishwa, na virusi havikuonekana tena. Vyombo vya habari vya dunia nzima vikatangaza kwamba amepona. Miezi 16 baadaye ilitoka habari ya pili, fupi zaidi na ya huzuni: virusi vimerudi.

Wengi waliisikia habari ya kwanza. Ya pili haikusambaa vile. Ndiyo maana mpaka leo kuna mzazi atakayekuuliza kliniki kama ni kweli mtoto akiwahiwa anapona kabisa, na kuna kijana atakayekuambia kwamba kwa kuwa kipimo chake hakioni virusi, haoni sababu ya kuendelea na vidonge. Jibu la wote wawili liko ndani ya kisa hiki, na ili kulielewa ni lazima tufuate kirusi mpaka ndani ya seli.

Watafiti hawakutaja jina la mtoto wala la mama. Nami nimeacha jinsia, mji na chochote kingine kinachoweza kumtambulisha. Madaktari ninaowataja walijitokeza wenyewe hadharani.

Mama na mtoto

Mama alifika katika hospitali ya mji mdogo jimboni Mississippi mwaka 2010 akiwa tayari na uchungu. Mimba ilikuwa ya wiki 35. Hakuwa amehudhuria kliniki ya wajawazito, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amempima. Kipimo cha haraka alichofanyiwa akiwa katika uchungu ndicho kilichoonyesha kwamba ana VVU, na mtoto akazaliwa kabla mama hajapata dozi hata moja ya dawa za kufubaza virusi.

Hali hiyo ndiyo inayompa mhudumu wa wodi ya wazazi hofu kubwa kuliko zote. Pasipo hatua zozote za kinga, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa: wengine tumboni, wengine wakati wa kuzaliwa, wengine kwa maziwa. Huduma ikitolewa ipasavyo idadi hiyo hushuka chini ya watano. Mtoto huyu alikuwa amekwishaikosa kinga ya ujauzito na ya uchungu. Kilichobaki ni saa chache za mwanzo za maisha yake.

Alihamishiwa hospitali ya chuo kikuu katika mji wa Jackson, akapokelewa na Dkt. Hannah Gay, daktari wa watoto mwenye uzoefu wa miaka mingi wa VVU.

Uamuzi wa saa ya 30

Taratibu za wakati ule zilimruhusu daktari kumpa mtoto kama huyu dawa za kinga, yaani dozi ndogo inayolenga kuzuia maambukizi yasishike, huku akisubiri majibu ya vipimo. Majibu yakija na virusi, ndipo tiba kamili ianze. Ni utaratibu wenye busara, kwa sababu dawa hizi si maji ya kunywa: zina sumu yake, na mtoto njiti wa siku moja ana ini changa.

Dkt. Gay hakusubiri. Mtoto akiwa na umri wa saa 30 hivi alichukua damu, kisha akaanza dawa tatu kwa pamoja: zidovudini, lamivudini na nevirapini, tena nevirapini kwa dozi ya tiba. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto huyu yuko katika hatari kubwa mno, na kila saa inayopita bila dawa ni saa ya virusi.

Majibu yalipotoka yalimpa haki. Kipimo cha DNA ya virusi ndani ya seli za damu kilikuwa chanya. Kipimo cha pili, kilichofanywa kwa sampuli nyingine iliyochukuliwa saa moja baadaye, kilihesabu nakala 19,812 za virusi katika kila mililita ya damu. Virusi vikikutwa ndani ya saa 48 za mwanzo, tafsiri yake ni kwamba mtoto aliambukizwa angali tumboni. Kwa maneno mengine, wakati dawa ya kwanza inamezwa, virusi vilikuwa ndani tayari. Na hapa ndipo inapobidi tusimame, tutazame vilikuwa vikifanya nini humo ndani.

Kirusi kikiwa mlangoni

Kirusi cha VVU hakiwezi kujizalisha chenyewe. Hakili, hakipumui, hakina mtambo wowote wa kutengeneza protini. Kikiwa kinaelea kwenye damu ni kifuko cha mafuta chenye upana wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na ndani yake mna nyuzi mbili za RNA, yaani maandishi yake ya urithi, kila moja ikiwa na herufi karibu 9,700 zinazounda jeni tisa. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Jeni hizo tisa zinatosha kuiteka seli yake kwa sababu karibu kila kazi inayohitajika hufanywa na seli yenyewe.

Seli inayolengwa hasa ni chembe nyeupe ya damu yenye protini iitwayo CD4 juu ya utando wake. Hizi ndizo chembe zinazowapanga askari wengine wa kinga ya mwili. Juu ya kifuko cha kirusi mna vijiti vya protini. Kichwa cha kijiti, gp120, kikigusana na CD4 hujikunja na kufunua sehemu iliyokuwa imefichwa, ambayo hushika protini ya pili ya seli, mara nyingi CCR5. Zote mbili zikishashikwa, shina la kijiti liitwalo gp41 huchomwa kwenye utando wa seli kama chusa, kisha hujikunja na kuivuta seli na kirusi mpaka tando zao mbili zinaungana na kuwa moja. Kasha lenye RNA huzama ndani.

Umuhimu wa mlango huo wa pili tuliuona kwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa saratani ya damu mjini Berlin. Mwaka 2007 na tena 2008 alipandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa bila CCR5 inayofanya kazi. Aliacha dawa za VVU, na virusi havikurudi mpaka alipofariki mwaka 2020 kwa saratani ile ile. Kwa mtoto wa Mississippi milango yote ilikuwa wazi, kama ilivyo kwa watu wengi mno duniani.

Ndani ya seli, kazi ya kwanza ni kunakili. Kwa kawaida habari za urithi husafiri kutoka DNA kwenda RNA, kisha kwenda kwenye protini. Kirusi hiki huja na kimeng'enya chake, rivasi transkriptesi, kinachogeuza mkondo huo: husoma RNA na kuandika DNA. Hukosea mara kwa mara na hakirudi kusahihisha, ndiyo sababu virusi vya mgonjwa mmoja huwa na sura nyingi na hujifunza upesi kuikwepa dawa moja ikitumika peke yake.

DNA hiyo mpya huingia kwenye kiini cha seli, na huko kimeng'enya cha pili, integresi, huikata DNA ya binadamu na kuishona ya kirusi katikati yake. Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Tangu dakika hiyo hakuna tena kirusi cha kukisaka ndani ya seli ile. Kuna seli ya mtoto yenye jeni tisa za ziada. Mitambo yake haina namna ya kuzitofautisha na jeni alizorithi kwa wazazi wake, na ikigawanyika mara mbili, kila seli mpya hurithi nakala.

Seli inayozalisha na seli inayolala

Kuanzia hapo kuna njia mbili, na kisa chote cha mtoto huyu kinategemea tofauti yake.

Seli ikiwa macho, yaani inapigana na vimelea fulani, husoma jeni zake kwa kasi, na zile tisa za kirusi husomwa pamoja nazo. Protini ya kirusi iitwayo Tat huongeza kasi hiyo maradufu na zaidi. Minyororo mirefu ya protini hutengenezwa, hukusanyika chini ya utando pamoja na RNA mpya, kisha utando hutokeza kama chipukizi na kukatika. Baada ya hapo kimeng'enya cha tatu, protiesi, hukata minyororo ile vipande vipande na kukikomaza kirusi. Kisipokatwa hivyo, kinachotoka ni ganda tu lisiloambukiza. Mzunguko mzima huchukua kama siku moja hadi mbili. Mwaka 1996 Alan Perelson, David Ho na wenzao walikadiria kwamba mtu mzima asiyetumia dawa hutengeneza virusi bilioni 10 hivi kwa siku, kwamba nusu ya virusi vinavyoelea kwenye damu huondolewa katika saa 6 hivi, na kwamba nusu ya seli zinazovizalisha hufa kila baada ya siku moja na nusu au zaidi kidogo.

Njia ya pili ni ya kimya. Baadhi ya chembe za CD4 zilizoambukizwa hazifi. Hurudi kupumzika na kuwa chembe za kumbukumbu, zile ambazo mwili huziweka akiba ili ugonjwa uliowahi kutokea ukirudi ujulikane haraka. Chembe iliyopumzika haisomi jeni nyingi, na zile tisa hunyamaza pamoja na nyingine. Haitoi kirusi wala haionyeshi protini ya kirusi juu ya utando wake, kwa hiyo askari wa mwili wanapita pembeni bila kuishuku. Kwa watu wazima walio kwenye tiba, chembe za namna hii zenye uwezo wa kutoa virusi hai ni kama moja katika milioni. Kundi la Robert Siliciano lilipima kasi ya kupungua kwake: nusu huondoka baada ya miezi 44. Kwa mwendo huo, kuzimaliza kwa dawa peke yake kungehitaji zaidi ya miaka 70.

Sasa zitazame zile dawa tatu. Zidovudini na lamivudini ni matofali bandia: rivasi transkriptesi ikiyachukua, ujenzi wa DNA unasimama papo hapo. Nevirapini inakibana kimeng'enya hicho hicho upande mwingine kikashindwa kujikunja. Mtoto alipofikisha wiki moja, nevirapini ilibadilishwa kwa lopinaviri na ritonaviri, dawa zinazoiziba protiesi. Hata dolutegraviri ya leo, iliyomo kwenye kidonge cha TLD wanachomeza watu wazima wengi Tanzania na Kenya, huizuia integresi isishone DNA mpya. Zote zinailinda seli ambayo bado ni safi, au zinakiharibu kirusi kinachotoka. Hakuna inayofumua ushoni uliokwisha kufanyika.

Namba zilivyoshuka

Wiki ya kwanza ilipokwisha, nakala 19,812 zilikuwa zimeshuka hadi 2,617. Katika wiki ya pili zilifika 516, katika wiki ya tatu 265, na siku ya 29 kipimo, ambacho hakikuweza kuhesabu chini ya 48, hakikuona kitu.

Mteremko huu una habari zaidi ya ushindi. Dawa hizi haziui virusi vilivyomo kwenye damu; zinazuia seli mpya zisiambukizwe. Kwa hiyo tunachokiona kwenye namba hizo ni kufa kwa seli zilizokuwa zikizalisha, bila seli nyingine za kuchukua nafasi zao. Seli iliyolala haimo kwenye mteremko huo. Haikuwa ikitoa virusi mwanzo, kwa hiyo kuwapo kwake hakuongezi wala hakupunguzi hesabu ya kipimo.

Namba hizi pia ziliwajibu wale waliohoji baadaye kama mtoto aliambukizwa kweli, au damu yake ilikuwa imebeba tu virusi vya mama vilivyopenya kondo la nyuma. Damu ya mama, ilipopimwa siku moja baada ya kujifungua, ilikuwa na nakala 2,423. Ya mtoto ilikuwa na zaidi ya mara nane ya hizo. Mtoto hawezi kuazima kwa mama yake kisichokuwapo. Virusi vile vilikuwa vikizaliwa ndani yake mwenyewe.

Miezi ambayo dawa zilikatika

Mtoto aliendelea na dawa, na virusi havikuonekana. Alipofika umri wa miezi 18 hivi, mahudhurio ya kliniki yalikatika na dawa zikakoma. Kwetu mhudumu wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, angepiga simu, akiikosa angemwomba WAVIU mshauri, yaani mshauri anayeishi na VVU mwenyewe, amfuate mama nyumbani. Huko nako juhudi za kumtafuta zilifanyika. Aliporudi alikuwa na miezi 23, na alikuwa amekaa takriban miezi mitano bila dawa.

Dkt. Gay alitarajia kukuta virusi vingi. Kwa watu walio wengi dawa zikikatishwa virusi hurudi ndani ya wiki mbili hadi nne. Kipimo kikaja bila kitu. Akarudia, hakuna. Akapima DNA ya virusi kwenye seli, hakuna. Akapima kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na virusi, na mtoto hakuwa nazo. Amesimulia mwenyewe hofu iliyomshika: huenda kwa mwaka na nusu alikuwa akimpa dawa kali mtoto asiyeumwa. Alifukua majibu ya siku za mwanzo, akaona kwamba maambukizi yalithibitishwa. Ndipo akawasiliana na Katherine Luzuriaga wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, naye Deborah Persaud wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins akaingia kazini na vipimo vikali kuliko vya hospitali.

Vipimo hivyo viliona alama ndogo mno: takriban nakala moja ya RNA katika mililita ya damu kwenye sampuli moja, na vipande vichache vya DNA ya virusi kati ya seli milioni. Walichukua zaidi ya chembe milioni 20 za CD4 zilizopumzika, wakaziamsha kwenye maabara ili kama ndani kuna kirusi hai kitoke. Hakikutoka.

Wakafanya uamuzi wa pili mkubwa wa kisa hiki: wasirudishe dawa, bali wampime mara kwa mara. Sababu yao ilikuwa kwamba hawakuwa na virusi vya kutibu, na kumlazimisha mtoto kumeza dawa zenye madhara bila kuona faida si uganga. Mimi naukubali uamuzi huo, kwa sharti lile lile walilojiwekea, kwamba vipimo visikome.

Julai 2014

Mtoto alikaa miezi 27 bila dawa. Alipokaribia umri wa miaka minne, katika kipimo cha kawaida, damu yake ilikutwa na nakala 16,750 kwa mililita. Saa 72 baadaye walirudia wakapata 10,564. Chembe za CD4 zilikuwa zimeanza kushuka na kingamwili za VVU zilikuwa zimejitokeza. Tarehe 10 Julai 2014 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, iliyoongozwa na Anthony Fauci, ilitoa taarifa kwa umma.

Je, aliambukizwa upya? Herufi za jeni za virusi zilisomwa na kulinganishwa. Vilikuwa vya mama. Ni virusi vile vile vilivyoingia kabla mtoto hajazaliwa, vikashonwa kwenye DNA ya chembe zake, vikalala karibu miaka minne. Dawa zilirudishwa mara moja, na virusi vikaanza kushuka tena.

Kilichofaulu

Kuanza mapema kulifanya kazi kubwa, na isidharauliwe kwa sababu mwisho haukuwa ule tuliouombea. Chembe nyingi za CD4 za mtoto mchanga bado hazijakutana na ugonjwa wowote. Chembe za kumbukumbu, ambazo ndizo maficho mazuri ya VVU, ni chache. Dawa zilipoingia saa ya 30 zilifunga mlango kabla maficho hayajajaa. Ndiyo maana akiba ya virusi ilikuwa ndogo kiasi cha kutoshikika kwenye chembe milioni 20, na ndiyo maana badala ya wiki mbili alipata miezi 27. Mapema huko pia ndiko kulikofanya asiwe na kingamwili zake mwenyewe: virusi vilizimwa kabla kinga ya mwili haijapata nafasi ya kuvifahamu. Hili lina somo kwa wa maabara. Mtoto aliyeanza dawa siku za mwanzo anaweza kupimwa kwa kipimo cha haraka akiwa mkubwa na jibu likaja halina VVU, huku virusi vimo. Kipimo hicho husoma kumbukumbu ya mwili, na mwili huu haukuwa na kumbukumbu.

La pili lililofaulu ni ufuatiliaji. Virusi viliporudi, vilikamatwa kwa kipimo, si kwa homa ya mapafu. Mtoto hakuwa mgonjwa.

Kilichoshindikana

Kosa la kwanza lilitokea kabla ya kuzaliwa. Mama aliyepimwa katika hudhurio la kwanza la kliniki na kuanza dawa hiyo hiyo siku, kama inavyofanyika sasa katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, angekuwa na virusi vilivyofubaa kufikia uchungu, na huenda kisa hiki kisingeandikwa. Nchi tajiri yenye maabara za kupima nakala moja ya RNA ilimkosa mama mmoja kijijini. Linauma, na linapaswa kuuma.

Kosa lililoenea zaidi ni la tafsiri. Watafiti walitumia lugha ya tahadhari, lakini neno lililobebwa na magazeti lilikuwa kupona. Chembe milioni 20 zinasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba mwili una mabilioni mengi ya chembe hizi, na kwamba damu inayozunguka ina takriban asilimia 2 tu yake. Zilizobaki zimo kwenye tezi, kwenye wengu, kwenye kuta za utumbo. Kipimo cha damu ni sawa na kuchota ndoo moja ufukweni na kuhukumu bahari kuwa haina samaki. Kasoro si ya kipimo. Kilijibu kwa usahihi swali kililoulizwa, yaani kama kuna seli zinazozalisha virusi kwa wingi wa kufika kwenye damu. Swali la seli iliyolala nje ya damu iliyochotwa hakingeweza kulijibu.

Watafiti walikuwa na onyo jirani. Mwaka 2013, wagonjwa wawili wa Boston waliopandikizwa uboho kwa sababu ya saratani waliacha dawa baada ya vipimo vyote kuonyesha damu haina virusi. Kwa mmoja vilirudi baada ya wiki 12, kwa mwingine baada ya 32. Muda ulitofautiana kwa sababu unategemea ni chembe ngapi zimelala, na ni lini mojawapo itaamka. Chembe ya kumbukumbu huamka inapokutana na kimelea inachokikumbuka. Ishara ile ile inayoiambia ianze vita huziamsha pia zile jeni tisa. Chembe moja ikiamka mahali penye dawa, virusi vyake havipati seli ya kuingia na mambo yanaishia hapo. Ikiamka mahali pasipo na dawa, baada ya siku chache namba zinapanda.

Kwa sababu hiyo ningependa maneno mawili yasichanganywe kwenye kliniki zetu. Mtu anayemeza dawa vizuri na kipimo chake hakioni virusi haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa, na ni haki yake kuambiwa bila kusitasita. Lakini hali hiyo inashikiliwa na kidonge cha kila siku, kwa sababu chembe zilizolala hazijaenda popote. Kijana akielezwa habari ya ushoni huo ndani ya DNA yake mwenyewe, huielewa haraka kuliko anapoambiwa tu asiache dawa. Mweleze.

Waliofuata

Kisa hiki kilizaa utafiti mkubwa zaidi, uliopewa jina IMPAACT P1115. Watoto walioambukizwa tumboni walianzishiwa dawa ndani ya saa 48 za kuzaliwa katika nchi 11, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Walikaa kwenye dawa miaka, safari hii bila kukatika. Sita kati yao waliotimiza masharti makali ya vipimo waliachishwa dawa wakiwa na umri wa miaka mitano na nusu hivi, chini ya uangalizi wa karibu, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2024. Kwa wawili virusi vilirudi baada ya wiki tatu na wiki nane. Wanne walipitisha wiki 48 bila virusi kuonekana. Mmoja wa wanne hao alifika wiki ya 80, virusi vikaonekana, naye akarudishiwa dawa zake.